Eda ya Pili ya Bi Lamis

Mume wetu alikufa mara mbili. Mara ya kwanza kwa homa, mwaka wa mvua za Elnino, akazikwa na watu wengi. Mara ya pili ni mwaka huu. Nilimuua mimi kwa ulimi, saa nne za asubuhi, mbele ya kijana wa ofisi aliyekuwa ameshika kalamu. Mungu anisamehe. Na marehemu Shekue naye anisamehe, maana mimi nilimsamehe mengi zaidi alipokuwa hai.

Nasema "mume wetu" kwa sababu tulikuwa wake wawili. Bi Lamis ndiye mkubwa. Mimi niliingia nyumba hii ya Kibokoni mwaka wa sabini na tatu, nina miaka kumi na tisa na meno yote, na Bi Lamis akanichukia kwa bidii miaka ishirini na nne. Mara alitia chumvi kwenye chai yangu, mara mimi nilimfichia kiatu kimoja siku ya harusi ya watu. Marehemu alipoondoka tukabaki wawili tunatazamana, hakuna wa kumgombania. Ugomvi usio na kitu cha kugombania unachosha. Tukaanza kula sinia moja.

Sasa yeye ana miaka themanini na minne, mimi sabini na mmoja. Miaka minne nyuma aliteleza bafuni akavunjika nyonga, na tangu siku hiyo hajasimama. Ana kidonda cha kulalia mgongoni, kikubwa kama kisahani cha chai, ambacho kila Ijumaa huja kuoshwa na nesi mmoja, Nekesa, aliyeletwa na ofisi kwa sababu jina la Bi Lamis limo kwenye orodha ya wazee wagonjwa. Miguu yake imekufa. Mdomo wake ungalipo, haujatumika hata nusu.

Watoto wa watu ninaokaa nao mchana sikuwatafuta mimi. Walinijia. Ilikuwa hivi: mtaani palikuwa na nyumba ya kulelea watoto ya sirikali, na kwenye ukumbi wa pili palikuwa na chakula cha mchana cha wazee. Maisha yalipopanda bei, vyote viwili vikafungwa wiki moja. Barua mbili, muhuri mmoja. Barua zilisema fedha hazitoshi, hivyo "familia zinahimizwa kuwajibika". Mimi shule niliishia darasa la sita, lakini neno hilo nalijua. Mtu akikwambia anakuhimiza, jua ameshashika njia kwenda zake.

Wa kwanza kuja alikuwa Kanze. Anamenya vitunguu thomu na tangawizi Marikiti, na mwanawe mchanga, Shukri, alikuwa mgongoni macho yanamtoka machozi kwa ukali wa pilipili za jirani. Akanambia, "Bibi, nishikie mpaka adhuhuri tu." Adhuhuri ikawa alasiri, alasiri ikawa magharibi. Kesho yake akaja Cynthia, anayefagia vyumba kwenye nyumba ya wageni, na wawili wake. Ulipoingia Ramadhani nilikuwa na watoto sita na mkeka mmoja.

Na ntakwambia siri: sikuwa nikiwalea mimi. Mimi niliwapikia uji, nikawafuta pua, nikawapiga kelele. Mlezi alikuwa Bi Lamis. Kitanda chake kiko ukumbini nyuma ya pazia, na kwenye boriti ya juu nilining'iniza susu, kile kitanda cha kamba cha watoto wachanga, na kamba yake nikaifunga mkononi mwake. Mkono wake wa kulia ulikuna nazi miaka sitini, una nguvu mpaka leo. Akivuta, Shukri analala. Akiacha, Shukri anaamka. Hao wengine watano anawajua kwa kikohozi. Anakaa kimya nyuma ya pazia kisha anasema, "Wewe wa pili kutoka mlangoni, toa hicho kidole puani!" na mtoto anatoa. Akisema "Nitakuja hapo!" wote wanalala kifudifudi. Hawajawahi kumuona amesimama, kwa hivyo hawajui ana urefu gani.

Basi mambo yalikuwa yanakwenda. Kisha ikaja ile amri.

Waliiita Nyumba Moja, Malezi ya Aina Moja. Nyumba inayolea watoto wa watu ichukue kibali. Na nyumba yenye kibali isiwe na mgonjwa wa kulelewa, kwa sababu, walisema, nyakati ni ngumu na msaada usiingie nyumba moja mara mbili. Wakikuta vyote viwili, ama watoto waondoke ama mgonjwa apelekwe nyumba ya wazee, ng'ambo ya maji, bara. Nikauliza, msaada gani huo wa watoto unaoingia kwangu? Nikaambiwa, kibali chenyewe ndio msaada. Karatasi ya kubandika ukutani! Watoto sita hawali karatasi, ingawa mmoja alijaribu.

Siku hiyo niliyomuua mume, akaja kijana mmoja mrefu, Joab, mtu wa bara, mpole, viatu vimepigwa rangi.

"Hodi hapa."

"Karibu. Vua viatu, mwanangu, hapa panalaliwa."

Akavua. Soksi moja ilikuwa imetoboka kidole, na mimi nikampenda tangu hapo. Akahesabu watoto, akapima dirisha kwa futi kama ya fundi cherehani, akanusa choo. Kila kitu akakiandika. Alikuwa anaelekea mlangoni, wallahi, mguu mmoja umeshaingia kiatuni, Bi Lamis akakohoa.

Joab akageuka. "Kuna nani huko, mama?"

Watoto wote sita wakanitazama. Nikisema mgonjwa, Kanze na Cynthia hawana kazi kesho. Nikisema hakuna mtu, ana macho, atafunua pazia. Na tayari alikuwa ameshalishika pazia. Ulimi wangu ukatangulia, kama ilivyo ada yake.

"Kuna mjane," nikasema. "Yuko eda."

Aliliachia pazia lile kama mtu aliyegusa sufuria ya moto. Kijana amekaa na watu, anajua kwamba mjane aliye edani haonwi na mwanamume wa kando. Akarudi nyuma hatua tatu, akamkanyaga mtoto.

"Pole sana, mama. Ni mumewe aliyefariki?"

"Mumewe."

"Lini?"

Nikajifunika uso kwa leso. "Ah, mwanangu. Kwetu sisi ni kama jana."

Nionyesheni uongo hapo uko wapi. Nyuma ya pazia Bi Lamis akaanza kwikwi, kitanda kinatikisika. Mimi namjua, alikuwa anacheka na kuuma shuka. Joab akadhani analia, macho yake yakalowa.

"Atakuwa hapa muda gani?"

"Eda ni miezi minne na siku kumi."

Akaandika: mgeni wa muda. Na kibali cha watoto akakitoa palepale, nacho akakipa miezi minne na siku kumi, "ili tuje tuangalie tena mgeni akishaondoka." Nikamsindikiza mpaka barazani kwa dua nyingi.

Niliporudi, Bi Lamis ananingoja. "Mwanamke wewe! Umenifishia mume mara ya pili?"

"Ulikuwa na wa kwanza tu. Ningekufishia nani mwingine?"

"Ungesema mimi ni fanicha."

Ningalisema hivyo, ingalikuwa bora. Maana yule Joab ana adabu, na adabu yake ndiyo iliyotuponza. Alipita dukani kwa Dilshad, jirani yetu wa Kibohora, akamuuliza watu wa hapa hupeleka nini kwenye msiba. Akanunua sukari na majani ya chai, akarudi kuviweka mlangoni kwangu, akaenda zake. Dilshad hakuweza hata kufunga duka vizuri. Akaja mbio na rida yake ya kijani, lile vazi lao la kujifunika, ananong'ona kwa sauti ya kusikika Forodhani.

"Bi Mahfudha! Miaka yote hii jirani, nisiambiwe? Aliolewa lini?"

"Nani?"

"Bi Lamis! Kitandani vile! Watu wanasema ni yule mzee wa kahawa aliyezikwa mwezi uliopita."

Pazia likatikisika. "Yule mwenye jino moja?" akapaaza sauti Bi Lamis. "Waambie Lamis hajafika huko!"

Dilshad akashika kifua. "Maskini. Mjane ana hasira."

"Huzuni hiyo," nikasema.

Ningemwambia ukweli? Dilshad namwamini na ufunguo wa nyumba, siri sijawahi kumpa hata moja. Basi nikanyamaza, na kunyamaza kwangu kukawa ndoa na msiba kwa pamoja. Wanawake wakaja kuhani, sinia juu ya sinia, na kila mmoja shingo imerefuka kuangalia nyuma ya pazia kama kuna kanzu ya kiume imesahaulika. Watoto walikula pilau wiki nzima. Cynthia alinambia mwanawe sasa anauliza kila asubuhi kama leo amekufa mtu.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo sikulipima. Mjane wa eda hapaki hina, hajifukizi udi. Na Bi Lamis udi si pambo. Kile kidonda kina harufu, na kila siku baada ya alasiri, kabla akina mama hawajaja kuchukua watoto wao, nilikuwa naweka chetezo chini ya kitanda ili asijisikie vibaya. Sasa wageni wanaingia na kutoka, udi ukinuka watasema mjane gani huyu. Nikaacha kufukiza. Yeye hakusema kitu, na yeye ni mtu wa kusema. Akawa akisikia hodi anajivutia shuka mpaka shingoni, joto lote lile, ili harufu isitoke.

Hilo lilinikera. Nikajiambia miezi minne si mingi.

Haikufika hata miwili. Ijumaa moja nesi Nekesa aliosha kidonda, akafunga bandeji, kisha akatoa barua mkobani. Orodha ya wazee wagonjwa inapunguzwa. Kila aliyemo lazima aonwe na afisa kabla mwezi kwisha, akiwa kwenye nyumba anayokaa. Asiyeonwa, jina linafutwa, na dawa na nesi vinakoma.

"Hapa nimeandikiwa Bi Lamis ni mkaazi," Nekesa akasema, "na faili la watoto linasema ni mgeni. Nendeni mkaweke sawa, bibi zangu. Mimi sipendi kupotewa na wagonjwa."

Jumatatu nikavaa buibui la kutokea, nikamwachia Bi Lamis watoto, nikaenda Kizingo. Ofisi iko kule kwenye miti mikubwa na nyumba zilizokaa mbalimbali kama hazisemeshani. Hakuna anayetembea kwa miguu ila mimi na mbwa. Nilichukua bahasha yangu yote ya karatasi, tangu cheti cha ndoa mpaka kadi ya kliniki ya mwanangu aliyeko Maskati, mwenye ndevu sasa. Kwangu mimi ukienda ofisini nenda na kila kitu, wasipate pa kukurudishia.

Dirisha la watoto wakanambia hili ni jambo la wazee. Dirisha la wazee wakanambia hili limeanzia kwa watoto. Kati ya dirisha na dirisha ni hatua nne. Nilizipiga mara tano. Wa watoto hajui wa wazee kaandika nini, na wamepeana migongo, wangeweza kukwaruzana. Mara ya sita nikakaa chini katikati ya ukumbi, nikasema kwa sauti kwamba nikizimia wanizike palepale, wasinipeleke dirisha lingine. Ndipo akatoka mwanamke mmoja wa makamo, miwani kichwani. Jina lake Naomi, ndiye mkubwa wa madirisha.

"Shikamoo mama. Unataka nini hasa?"

"Marahaba. Nataka afisa wa kike aje amuone mgonjwa wangu. Ni mjane, yuko eda, Joab hawezi kumuona."

"Hilo ni jepesi. Nipe karatasi ya kifo cha mume, niiambatanishe."

Nikaipekua bahasha, nikampa. Nilimpa kwa fahari, nikifurahi kwamba ninayo! Nimemdanganya kijana, nimeudanganya mtaa mzima, halafu nikatoa mwenyewe ushahidi, umekunjwa vizuri, ndani ya plastiki.

Naomi akavuta miwani. Akasoma. Akahesabu kwa vidole, vikamwishia.

"Mama, huyu bwana alifariki mwaka wa tisini na saba."

"Mungu amrehemu."

"Na mjane wake yuko eda."

"Huzuni haina kalenda, mwanangu."

"Mama." Akaweka karatasi chini. "Mimi ni Mkristo, lakini nimezaliwa Majengo. Mlango wa mbele walikuwa Waislamu, mlango wa nyuma Waislamu. Eda ninaijua. Miaka ishirini na minane si eda. Ni kifungo."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Ndipo uchungu ukanipanda, na mimi si mtu wa kulia ofisini.

"Basi nambie wewe nimtoe nani. Nimtoe Kanze na mwanawe, arudi naye kwenye pilipili? Ama nimtoe Bi Lamis, mumpeleke ng'ambo akalale na watu asiowajua, yeye ambaye hata mimi alichukua miaka ishirini na nne kunizoea? Nyumba ya watoto mlifunga nyinyi. Chakula cha wazee mlifunga nyinyi. Nikafungua mlango wangu. Leo mnakuja kupima dirisha!"

"Si mimi niliyeandika amri, mama."

"Aliandika nani?"

Akaelekeza kalamu juu. Ghorofa ya pili madirisha yamefungwa, na mashine yao ya baridi inadondosha maji njiani. Hicho ndicho kitu pekee nilichokiona kinatoka ofisi ile kuja kwa wananchi.

"Alhamisi saa saba nakuja mwenyewe," Naomi akasema, taratibu. "Nikute kimoja. Nikikuta viwili nitaandika viwili."

Naomi si mtu mbaya. Hilo ndilo lililonikera kuliko yote. Ningempata mtu mbaya ningemwapiza, nikarudi nyumbani nikala.

Jumatano baada ya alasiri nikamweleza Bi Lamis yote. Nilikuwa na hila mbili. Ya kwanza, tumbebe na kitanda chake mpaka kwa Dilshad. Ngazi za Dilshad ni nyembamba, kitanda hakipiti. Ya pili, tuwafiche watoto darini. Umewahi kuficha watoto sita?

Akanisikiliza, anavuta kamba ya susu. Kisha akasema, "Nipeleke ng'ambo."

"Pumbavu."

"Miaka ishirini na nne uliomba nitoke nyumba hii. Nilikuwa nakusikia kwenye msala. Dua imejibiwa, sasa unakataa?"

"Imejibiwa kwa kuchelewa. Nimeshabadili dua."

"Watoto wana miaka mingi ya kusumbuliwa na sirikali. Mimi nimebakisha michache, waisumbue hiyo."

"Na huko nani atajua kwamba hunywi chai bila hiliki? Nani atakugeuza kwa upande wa kushoto kwanza?"

"Utawaandikia. Si ulisoma mpaka la sita?"

Yeye akanyoosha mikono miwili, viganja juu. "Basi nipake hina. Na uweke udi. Kama natoka nyumba ya mume wangu, sitoki kama mfiwa. Eda yenu imekwisha."

Nikaponda hina, nikampaka viganja na kucha, nikamfunga vitambaa. Nikafukiza udi mpaka jirani wa juu akakohoa. Mtaa useme unavyotaka. Wakati namfunga nilimuona kidevu kinamtetemeka, nikamwambia ananitikisia hina itaharibika. Akanambia mikono yangu ndiyo inayotetemeka. Labda.

Alhamisi saa saba Naomi akaja, peke yake. Akavua viatu bila kuambiwa. Watoto watano walikuwa wamelala kwenye mkeka, safu moja. Wa sita kwenye susu. Pazia nilikuwa nimelifungua lote, na Bi Lamis ameegemea mito, leso mpya, viganja vyekundu, mkono wa kulia unavuta kamba: kwenda, kurudi. Hapakuwa na sauti ila kamba na boriti.

Naomi akasimama. Akakaa kwenye stuli, akafungua fomu magotini, akasema kwa kunong'ona asiwaamshe, "Mama Mahfudha, nitakuuliza ya kwenye fomu, unijibu kweli. Mlezi wa watoto ni wewe?"

"Mimi."

"Mlezi huondoka akawaacha watoto wakati wowote?"

Nikaona mtego. "Haondoki."

"Jumatatu ulikuwa kwangu tangu saa tatu mpaka saa sita. Watoto walikuwa na nani?"

Nimesema uongo mwingi mwaka huu, lakini huo ulikuwa umeshakwisha. "Na huyu," nikasema.

"Peke yake?"

"Peke yake. Na nikienda sokoni, yeye. Nikienda kuteka maji mfereji ukikatika, yeye."

"Nikienda msalani ndio nitakuwa nimewaacha," Bi Lamis akasema kutoka kitandani, "na mimi siendi msalani. Andika hilo."

Kalamu ya Naomi ikasimama. Akamtazama Bi Lamis, akamtazama Shukri kwenye susu, akageuza fomu nyuma, akarudi mbele. Alikuwa anatafuta kitu. Akarudi mwanzo tena, anasoma mstari kwa mstari kwa ncha ya kalamu.

"Fomu ina nafasi mbili tu," akasema hatimaye. "Anayelea na anayelelewa. Haiulizi umri wa anayelea." Akagonga kalamu kwenye goti. "Wala haiulizi kama anasimama."

Mtoto mmoja akaota, akarusha teke.

"Nikimwandika huyu ndiye mlezi," Naomi akasema, "basi hapa hakuna mgonjwa. Ni nyumba ya malezi ya aina moja. Watoto wanabaki, na yeye anabaki." Akavua miwani. "Lakini mtu hawezi kuwa kwenye nafasi zote mbili. Jina lake litatoka kwenye orodha ya wazee. Nesi hatakuja tena. Dawa hazitakuja."

"Usiandike," nikasema haraka. "Kidonda kile kinataka kuoshwa na mtu aliyesomea."

"Andika," akasema Bi Lamis.

"Nyamaza wewe! Hujui unachosema. Kikioza kile..."

"Kinanuka mgongoni mwangu, si mwako. Andika, binti yangu. Lamis binti Omari. Mlezi."

"Nani atakuosha?" nikamuuliza. Sauti ilinipanda, susu ikasita, Shukri akafungua jicho moja.

Bi Lamis akavuta kamba, jicho likafumba. "Wewe," akasema. "Una kazi gani nyingine? Si umesikia mlezi ni mimi?"

Naomi aliandika polepole. Nilimuona anaandika kama mtu anayetia uzi kwenye sindano. Alipomaliza alikunywa maji niliyompa, hakuyamaliza, akasema atajaribu kuongea na watu wa ghorofani. Nikamwambia asalimie mashine ya baridi. Aliniangalia, akatoka.

Sasa kibali kiko ukutani, cha mwaka mzima, kina muhuri. Juu kimeandikwa Mlezi: Lamis. Chini, kwa herufi ndogo: Msaidizi: Mahfudha. Nimekuwa wa pili nyumba hii tangu mwaka wa sabini na tatu, na sasa sirikali imethibitisha.

Ijumaa nesi Nekesa alikuja mara ya mwisho. Alikuja kufunga faili. Sheria inasema bandeji zilizobaki zirudi ofisini, basi akazihesabu mbele yangu, hanitazami usoni, akazitia mkobani. Lakini kwanza alinikalisha, akanionyesha. Maji yachemke na chumvi kidogo, yapoe. Osha kutoka katikati kwenda nje, usirudi. Usisugue. Nikaosha mimi, yeye anashika taa ya simu. Bi Lamis aliuma leso, hakutoa sauti hata moja, na mimi ningependa angetukana.

Kabla ya kuondoka Nekesa akanipa faili nitie sahihi. Najua kuandika jina langu, lakini nilitia kidole, kwa ubishi tu. Mstari wa chini uliuliza sababu ya mzee kuondolewa kwenye orodha. Nikamwomba anisomee, miwani yangu ilikuwa mbali. Akasoma, akakohoa, akasoma tena.

"Amepata kazi."

Tulicheka, sisi watatu, mpaka watoto wakaamka. Miaka themanini na minne, hana miguu, amepata kazi, na vijana wa mtaa wamekaa barazani na vyeti vyao hawajapata. Kisha Nekesa akashuka ngazi na mkoba wake, na sisi tukasikiliza viatu vyake mpaka kona, na hakuna aliyecheka tena.

Kanze hunikatia kipande cha leso safi akipata. Cynthia anachukua dawa ya kusafishia pale anapofanya kazi, sijamuuliza vipi. Kidonda hakijapungua. Leo asubuhi nimekiona kimeongezeka upande mmoja, kidogo, upana wa kucha, na sijamwambia. Nadhani anajua, maana ameanza kuulizia udi kabla ya alasiri.

Nimekaa nayaandika haya kwenye daftari la mtoto wa Cynthia, na sijafika mwisho ninaoutaka, kwa sababu ananiita.

"Msaidizi!"

"Abee."

"Wa tatu kutoka mlangoni amekojoa."

"Nimesikia."

"Umekaa hapo unafanya nini? Mimi nitakuja hapo!"

Nimeinuka. Hata mimi, mbele ya sauti hiyo, husahau kwamba hawezi.